Faili moja kati ya laki mbili na nusu: kompyuta inalipataje?

Wadau wa Ngara na Biharamulo, leo tuongelee kitu ambacho wengi mnakilalamikia kafe: unabonyeza "tafuta", kompyuta inazunguka weee, mpaka muda uliolipia unaisha. Kwa nini?

Mfano tunao hapa hapa nyumbani. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo ndani ya kama saa 24, wakatua Benaco. Miongoni mwao walikuwemo watoto waliopotezana na wazazi. Msalaba Mwekundu na mashirika mengine yakawa yanawaandikisha: jina, wazazi, alikotoka.

Chukulia kila mtu pale ana kadi yake, na kadi zimerundikwa ovyo. Mama anamuulizia mwanawe. Ukisoma kadi moja kwa sekunde, rundo zima ni karibu siku 3 bila kulala. Lakini zikipangwa kwa alfabeti, unafungua katikati: jina liko kabla au baada? Nusu moja unaiacha. Ukigawa hivyo mara 18 tu, umefika!

Orodha hiyo iliyopangwa ndiyo faharasa. Kwenye Linux, amri ya find inapekua folda moja moja, wakati locate inasoma orodha iliyoandaliwa mapema. Ndo maana inajibu fasta.

Shida ni kwamba kambi haikai kimya. Watu wanahama, watoto wanazaliwa, na Desemba 1996 wengi walirudishwa Rwanda. Faharasa ya jana inaweza kukudanganya leo. Kuhesabu wote upya kila siku nayo haiwezekani. Dawa ni daftari la getini: unaandika aliyeingia na aliyetoka, basi. NTFS, mfumo wa diski wa Windows, ina daftari kama hilo la mabadiliko. Programu nzuri ya kutafuta inasoma daftari tu, haipekui diski nzima yenye mamilioni ya mafaili.

La mwisho: jina peke yake halitoshi. Watoto wangapi wana jina moja? Ndo maana waliuliza pia wazazi na kijiji. Na nyie mkiita kila kitu "barua1", hata faharasa bora itawaletea barua 40. Andikeni jina, mwaka na jambo lenyewe.

Mwenye swali aliweke hapo chini, nitajibu.