Zima Bluetooth, Betri ya Kipakatalishi Idumu Zaidi

Na Ofisi ya Habari ya Kaunti

Unajaza fomu ya basari ya mtoto mtandaoni na leo ndiyo siku ya mwisho. Mara stima inapotea. Betri ya kipakatalishi imebaki asilimia 15 na bado hujapakia stakabadhi. Wakati kama huo, kila dakika ina thamani.

Makala haya yanawalenga wakazi wanaotumia vipakatalishi vyenye mfumo wa Linux, kama vile Ubuntu na Linux Mint. Mifumo hii hailipiwi leseni, hivyo huwafaa wengi walionunua mashine za mtumba ambazo betri zake zimechoka. Njia moja ya kuhifadhi chaji ni kuzima Bluetooth usipoihitaji.

Kwa nini uizime?

Bluetooth ni redio ndogo iliyo ndani ya mashine. Huunganisha kipakatalishi na spika, simu au kipanya bila waya. Mara nyingi hujiwasha pamoja na mashine, hata kama hakuna kifaa kilichounganishwa, na huendelea kutumia chaji kidogo kidogo.

Kabla ya kuizima

Hakikisha kipanya au kibodi yako haitegemei Bluetooth, la sivyo itaacha kufanya kazi papo hapo. Kipanya kinachotumia kifaa kidogo cha kuchomeka kwenye tundu la USB hakitaathirika. Intaneti unayopata kwa Wi-Fi, ikiwemo hotspot ya simu, pia haitakatika.

Hatua za kufuata

1. Kwenye Ubuntu, fungua Settings, chagua Bluetooth, kisha zima swichi iliyo juu. Kwenye Linux Mint, tafuta alama ya Bluetooth karibu na saa, bonyeza kitufe cha kulia cha kipanya, kisha chagua kuizima. Kwa wengi, hatua hii inatosha.

2. Ukipenda kutumia amri, fungua programu ya Terminal na uandike:

rfkill block bluetooth

Kuthibitisha, andika:

rfkill list bluetooth

Ukiona maneno "Soft blocked: yes", imezimika. Usiandike "all" mahali pa "bluetooth", kwani utazima Wi-Fi pia.

3. Zima mashine na uiwashe tena, kisha kagua. Bluetooth ikiwa imejiwasha, zuia huduma yake isianze pamoja na mashine:

sudo systemctl disable --now bluetooth

Utaulizwa nenosiri lako. Baada ya hapo, rudia amri ya hatua ya 2.

Kuirudisha

Ukihitaji Bluetooth tena, andika "rfkill unblock bluetooth". Kama ulifuata hatua ya 3, ongeza "sudo systemctl enable --now bluetooth". Hakuna kinachofutwa wala kuharibika.

Utaokoa chaji kiasi gani?

Tuseme ukweli: si nyingi. Bluetooth iliundwa itumie nguvu kidogo, na isipotuma sauti au faili, mzigo wake ni mwepesi. Kinachokula chaji zaidi ni mwangaza wa skrini na programu nyingi zilizofunguliwa kwa pamoja. Kwa hivyo, stima ikipotea, punguza mwangaza kwanza, funga kurasa na video usizohitaji, kisha zima Bluetooth.

Kujua hali ya mashine yako, chomoa chaja, andika "upower -d" kwenye Terminal na utazame mstari wa "energy-rate". Huonyesha wati zinazotoka kwenye betri. Pima kabla na baada ya kuzima, ukisubiri dakika chache. Nambari ikishuka, umefaidi.

Haba na haba hujaza kibaba. Hata hivyo, usisubiri saa ya mwisho: jaza fomu zako mapema, na uhifadhi kazi yako kila mara unapoendelea.