Mtoto Akichora Ukutani

Mtoto akiokota kipande cha makaa jikoni na kuchora kuku ukutani, mara nyingi malipo yake ni fimbo. Baba asema ukuta umechafuka. Mama asema mtoto huyu hapendi masomo. Nasi hatuwalaumu sana, maana chokaa hununuliwa kwa fedha. Lakini, ninyi wazazi, kabla ya kuinua fimbo, sikilizeni habari ya Bukama.

Mwaka 1926, huko Bukama katika Katanga, mtumishi mmoja wa serikali ya Wabelgiji, jina lake Georges Thiry, aliona nyumba zilizopambwa kwa picha kwenye kuta. Mchoraji alikuwa Albert Lubaki, fundi wa kuchonga pembe za ndovu. Twajua sote kwamba mvua haihurumii ukuta wa udongo. Basi Thiry akampa Lubaki karatasi na rangi za maji, ili picha zipate kudumu. Lubaki akachora wanyama, ndege, miti na watu. Mkewe, Antoinette, naye akachora. Mwaka 1929 picha za Lubaki zilionyeshwa Bruxelles, katika Palais des Beaux-Arts. Shule ya sanaa ya Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, ilifunguliwa mwaka 1951, yaani miaka 25 baada ya karatasi zile za kwanza.

Kwa hiyo asikate tamaa yule anayekaa mbali na shule ya namna hiyo. Nyumbani panatosha kuanzia.

Kinachofundishwa kwanza ni jicho, wala si mkono. Wekeni chungu juu ya meza, mkamwambie mtoto akichore. Karibu kila mara atachora mdomo wa chungu kuwa duara kamili, kwa sababu anajua kwamba ni mviringo. Lakini aliyeketi haoni duara. Aona umbo lililobanwa, lenye upana kuliko kimo. Akiinama hata jicho lilingane na mdomo wa chungu, umbo lile lageuka kuwa mstari tu. Akisimama na kutazama kutoka juu, lapanuka tena. Mtoto aliyeona mabadiliko hayo matatu kwa macho yake amekwisha kupata somo kubwa kuliko yote tutakayoyataja hapa. Kisha anyoshe mkono, ashike kalamu ya risasi wima, afumbe jicho moja, na kupima kwa kalamu ile: kimo cha chungu kinaingia mara ngapi katika upana wake? Mkono usikunjwe, la sivyo kipimo kitabadilika.

Wako wanaopenda kunakili picha za kalenda. Hatuwakatazi, bali picha ya kalenda imekwisha kuchorwa na jicho la mtu mwingine, na lao linabaki limelala. Heri embe moja lililowekwa karibu na dirisha. Fumbeni macho nusu, nanyi mtaona upande wenye mwanga, upande wa giza, na kivuli kilicholala mezani.

Sasa tuje kwenye rangi za maji. Rangi hizi ni unga laini uliochanganywa na gundi ya mti, hasa ulimbo wa mgunga utokao Sudani na nchi jirani zake. Gundi hiyo huyeyuka katika maji hata baada ya kukauka. Ndiyo maana kidonge cha rangi kikavu huamka kikiguswa na burashi yenye maji. Anayeanza hahitaji rangi nyingi. Njano na buluu huzaa kijani. Njano na nyekundu huzaa rangi ya chungwa. Nyekundu na buluu huzaa zambarau. Zote tatu zikichanganyika hupatikana kahawia au kijivu kizuri cha vivuli. Wekeni vikombe viwili vya maji, kimoja cha kuoshea burashi, kingine kibaki safi.

Nyeupe je? Nyeupe ni karatasi yenyewe. Hapo ndipo wengi huharibu kazi. Rangi ya maji hupitisha mwanga, wala haiwezi kufunika giza lililokwisha kupakwa. Kwa hiyo mchoraji huamua tangu mwanzo mahali pa kuacha wazi, huanza kwa rangi nyepesi, hungoja ikauke, ndipo huongeza iliyokolea. Kungoja huku ni kugumu kwa watoto, na hata kwa wakubwa! Asiyengoja hupata matope. Tena ajue kwamba rangi ikikauka hupauka kidogo.

Karatasi ya daftari hukunjamana ikilowa. Iliyo nzito, ya gramu 300 kwa mita moja ya mraba, hutulia vizuri, lakini bei yake si ndogo. Mwenye karatasi nyembamba aibandike kingo zote nne juu ya ubao, atumie maji machache, asiibandue kabla haijakauka.

Na asiye na burashi? Bela, mmoja wa wachoraji wa karakana iliyofunguliwa na Pierre Romain-Desfossés huko Elisabethville mwaka 1946, alipaka rangi kwa ncha za vidole.

Picha ya kwanza ikikauka, itundikeni sebuleni, mahali ambapo wageni wataiona. Isiangaliane na dirisha lenye jua kali, maana jua hufifisha rangi nyingi za maji. Na yule kuku wa makaa, mwacheni siku mbili tatu kabla ya kupaka chokaa, mtoto apate kumchora upya kwenye karatasi.