Mchwa wa Songwe na Jarida la Wadudu wa Kale

Mwili wa mdudu ni dhaifu. Afapo huoza au huliwa, na ni nadra umbo lake lisalie mwambani. Kwa sababu hiyo wachunguzi wa wadudu wa kale mara nyingi hutafuta si mdudu mwenyewe, bali alama za kazi yake.

Alama za namna hiyo zilipatikana Songwe, katika miamba ya Nsungwe iliyo kwenye bonde la ufa la Rukwa. Watafiti walioongozwa na Eric Roberts, akiwamo mwanajiolojia Mtanzania Cassy Mtelela, walikuta vyumba vya mchwa vilivyogeuka mawe, na ndani ya baadhi yake masega ya bustani za kuvu. Masega hayo ni vidonge vidogo sana vya mimea iliyotafunwa, kama vile atengenezavyo mchwa wa leo ili kuotesha kuvu imlishayo. Uyoga uokotwao vichuguuni mvua zinyeshapo hutoka katika bustani kama hizo. Majivu ya volkano yaliyonaswa katika miamba hiyo yaliwezesha umri wake kupimwa, nao ni karibu miaka milioni 25. Mchwa, basi, alikuwa mkulima muda mrefu kabla ya binadamu kuwapo.

Hata hivyo, jiwe lililofungiwa kabatini si elimu bado. Vyumba vya Songwe vilitambulika upesi kwa kuwa bustani za mchwa za Chad, zenye umri wa miaka kama milioni 7, zilikwisha kuelezwa katika jarida la Kijerumani mwaka 2006. Makala ya Songwe ilitoka mwaka 2016 katika PLOS ONE, jarida la Marekani linalopokea sayansi za kila aina. Mchunguzi wa wadudu wa kale alilazimika kupekua huku na huko.

Chama cha kimataifa cha wataalamu hao, kilichoundwa mwaka 2001, kilianzisha jarida lake, Palaeoentomology, mwaka 2018. Huchapishwa na Magnolia Press ya Auckland, New Zealand. Kuchapa si kazi ngumu kuliko zote. Kila andiko hupelekwa kwanza kwa wataalamu wengine walihakiki na kulipinga panapostahili, na katika fani hii wahakiki ni wachache mno.

Makala ya Songwe husomwa bila malipo. Mwalimu wa Tunduma aweza kuisoma yote, mradi ajue Kiingereza.