Mgeni naye atue jembe

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, na sijui ni walimu wangapi wa Kiswahili waliowahi kuitungia swali la insha. Hata hivyo, wahenga hawakutuambia mgeni huyo atalitua lini jembe alilopewa. Hilo ndilo swali ninalotaka tulitafakari leo, kwa kuwatazama wageni wa aina moja: wamisionari wazee ambao huaga kwao baada ya kustaafu wakaja kutumika katika nchi za watu.

Wageni hawa si haba humu nchini. Wengi wao walikuwa walimu, wauguzi, wahasibu au wakulima makwao, wakalea watoto hadi wakapata wajukuu, ndipo wakafunga safari. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, kwa mfano, huwatuma mume na mke pamoja, nao aghalabu hujigharimia. Madhehebu mengine yana mapadre na watawa waliozeekea papa hapa kwetu. Kwa kuwa Jumapili kwa watu kama hao ni siku ya kazi, wengi hupumzika Jumatatu. Hapo pana kioja cha lugha. Jumatatu, kwa hesabu ya Mswahili ambaye huanza kuhesabu baada ya Ijumaa, ni siku ya tatu. Siku ile ile ambayo methali inatuamuru tumpe mgeni jembe ndiyo siku anayolitua!

Je, mgeni huyo ni mvivu? Hasha. Lugha yetu yenyewe inamtetea. Neno kupumzika ni ndugu wa damu wa pumzi na kupumua. Kwa Mswahili, basi, anayepumzika ni mtu anayerudishiwa pumzi zake, na asiye na pumzi hafanyi kazi yoyote. Hata katika Injili ya Marko tunasimuliwa kuwa Yesu aliwataka wanafunzi wake wajitenge wapumzike kidogo, maana watu walikuwa wengi mno hata nafasi ya kula hawakuipata.

Historia yetu inatuonyesha gharama ya utumishi usiokuwa na kituo. Johannes Rebmann alifika pwani yetu mwaka 1846, akajiunga na Ludwig Krapf huko Rabai. Krapf, ambaye alikuwa amemzika mkewe Mombasa mwaka 1844, alirejea Ulaya baada ya miaka michache, afya ikiwa imemsaliti. Rebmann alibaki. Mwaka 1866 mkewe naye alifariki dunia. Bado alibaki, akiandika msamiati wa lugha za watu waliomzunguka, mpaka macho yakamfifia. Alipoondoka mwaka 1875 alikuwa mzee aliyehitaji kushikwa mkono, na mwaka uliofuata aliaga dunia. Kamusi ya Kinyasa aliyoikusanya ilitolewa na Krapf mwaka 1877, naye mwenyewe hakuiona. Twamshukuru kwa kazi hiyo, lakini sioni kwa nini wazee wa leo watakiwe kulipa thamani ile ile.

Mimi ni mwanaisimu, na nina sababu nyingine ya kuitetea siku hii. Mtu anayesema lugha ya wenzake juma zima huchoka ulimi na akili. Kila sentensi huipima kabla ya kuitamka: ngeli gani, kiambishi gani, njeo gani. Kwa mtu wa miaka sabini mzigo huo si mwepesi. Ana haki, basi, ya kukaa asubuhi moja akizungumza lugha ya mama yake, akiwapigia simu wajukuu, akipika chakula cha kwao na kufua nguo zake polepole.

Hata hivyo, siku hiyo hiyo ndiyo humpa lugha ambayo hakuipata kazini. Nawajua mume na mke, wamisionari wazee kutoka Marekani, ambao hupitisha alasiri za Jumatatu sokoni. Siku moja mama mboga alimwamkua yule mke kwa heshima, “Karibu, nyanya!” Mgeni aliangalia mafungu ya nyanya yaliyopangwa mbele yake, akajibu kwamba leo anataka sukuma wiki tu. Soko zima likacheka, naye akacheka alipoelezwa kwamba hapa Kenya nyanya ni tunda na nyanya ni bibi pia. Kisha mama mboga, ambaye hakuwahi kukanyaga chuo kikuu, akamtolea somo la upatanisho wa kisarufi: nyanya hii imeiva, nyanya huyu amechoka. Nimelifundisha jambo hilo miaka mingi mbele ya ubao, na sidhani nimewahi kulifundisha vizuri hivyo.

Siri yake ni kwamba hapakuwa na haraka. Mgeni hakuwa na mahubiri ya kutoa wala ripoti ya kuandika, na mwenyeji hakuwa na hofu ya kusahihisha. W. E. Taylor, mmisionari aliyekaa Mombasa akajifunza mengi kwa Mwalimu Sikujua, alichapisha mkusanyo wake wa methali za Waswahili mwaka 1891. Methali hazipatikani kwa kufuata ratiba. Hudondoka barazani, katikati ya mazungumzo ya watu waliotulia.

Kwa hiyo nawageukia walimu na wanafunzi wenzangu, kwa kuwa sisi ndio tunaoiharibu siku hii kwa njia mbili. Kwanza, mgeni akitusalimu kwa Kiswahili cha kusitasita, sisi hujibu kwa Kiingereza ili tuonekane tumesoma. Tunamfungia mlango, ilhali yeye amekuja kubisha hodi. Pili, tukimwona ametulia uani kwake, hukumbuka karo. Barua za kuomba ufadhili humfuata hata siku ambayo ameomba kuachwa apumue. Shida za karo ni za kweli, nami sizibezi; lakini zina siku zake na afisi zake. Mzee anayeogopa kufungua mlango wake Jumatatu hatakuwa jirani yetu kamwe, atabaki kuwa mfuko wenye miguu.

Ukimkuta mmoja wao sokoni au njiani juma lijalo, msalimu kwa Kiswahili. Sema polepole, msahihishe kwa upole, mwulize wajukuu wake hawajambo, kisha mwache aende zake. Hutakuwa umempunguzia mapumziko hata chembe, na ya nne yake jembe atalishika mwenyewe.