Herufi Zilizotengana

Mwaka jana tulikusudia kuwachapishia watoto wa chuoni karatasi moja ya dua. Tuliyaandika maneno kwa kompyuta, tukaridhika nayo, tukayapeleka kwa mpiga chapa. Nakala mia tatu zilipotufikia, mwalimu wetu mzee alichukua moja, akavua miwani, akauliza, "Wanangu, hii ni lugha gani?" Tuliona haya. Kila herufi ilisimama peke yake, na maneno yalikwenda kutoka kushoto. Watoto hawakuweza kuzisoma karatasi zile, wala sisi hatukuweza kuzitupa jaani, kwa kuwa zilikuwa na jina la Mola.

Bila shaka wasomaji wengi wameyaona haya katika kadi za arusi na matangazo ya msiba. Basi yafaa tujue sababu yake.

Herufi za Kilatini zinapopigwa chapa husimama mbalimbali. Za Kiarabu hushikana mikono. Ba ina sura nne: ya peke yake, ya mwanzo, ya kati na ya mwisho. Ziko sita zisizoishika ile inayozifuata, nazo ni alif, dal, dhal, ra, zay na waw. Mwenye kalamu hufanya hayo bila kufikiri, lakini mashine sharti ifundishwe. Tangu mwaka 1991 uko utaratibu uitwao Unicode, unaoipa kila herufi nambari yake. Kuchagua sura na kuyapanga maneno kutoka kulia huachiwa programu. Isiyofundishwa hutoa herufi zilizotengana na kupinduka. Maneno yetu, basi, yalikuwa sahihi. Programu ya mpiga chapa ndiyo iliyokuwa haijui kuyasoma.

Na ni nani wanaozifundisha mashine? Baadhi yao ni watu wa kujitolea. Mwaka 2007 ilianzishwa kazi iitwayo Tanzil, ili maandishi ya Kurani katika kompyuta yawe sahihi. Yalikaguliwa kwa mashine, kisha yakalinganishwa na msahafu wa Madina. Kila mtu aruhusiwa kuyanakili, ila haruhusiwi kuyabadili. Naye Khaled Hosny, mtu wa Misri, alitengeneza herufi ziitwazo Amiri, kwa mfano wa zile za matbaa ya Bulaq mjini Cairo, na mtu yeyote aweza kuzitumia bila ya kulipa.

Lakini kazi hii haina mwisho. Programu hubadilika, na mstari ulionyooka jana huenda leo ukapinda. Ni kama msikiti: hujengwa mara moja, lakini hufagiwa kila siku. Wafagiaji ni wachache, nasi tulio wengi huwakumbuka siku tunapoona vumbi tu, tena kwa kulalamika.

Enyi vijana, hapa pana nafasi yenu. Wazee wetu waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, wakiongeza pe na che. Herufi hizo zimo katika Unicode, lakini kibao cha Kiarabu aghalabu hakina pe. Anayejua kompyuta na akae na babu yake anayejua khati. Mmoja atengeneze, mwingine asahihishe. Kidole kimoja hakivunji chawa. Na mwenye kuona kosa katika programu asinung'unike tu, bali awaandikie watengenezaji, aeleze kwa adabu neno gani limeharibika na wapi.

Sisi nasi tumejifunza. Siku hizi humpelekea mpiga chapa ukurasa uliofungwa pamoja na herufi zake, yaani PDF, tukaomba nakala moja kwanza. Nakala hiyo haipiti mpaka mwalimu wetu mzee avae miwani yake na kuisoma kwa sauti. Karatasi za pili zilitoka sawa, na watoto wameihifadhi dua. Mwenyezi Mungu awalipe kheri wote wanaofanya kazi hii bila ya kutajwa.