Mbiu ya mgambo ndani ya utumbo



Siku ya gulio hapa Babati nilipita kwa mama mmoja anayeuza vitunguu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, kisha akanishika mkono. "Mwalimu," akasema, "mjukuu wangu anaharisha tangu juzi. Zahanati wamenipa zile pakiti za chumvi na sukari. Nimemnywesha mchana kutwa, na bado anaharisha! Dawa gani hii isiyozuia ugonjwa? Nimeiacha."

Nilimsihi asiache, ampe mtoto maji yale siku hiyohiyo na amrudishe zahanati. Lakini swali lake ni la haki, na leo nataka kulijibu. Jibu lake limo ndani ya seli, zile chembe hai ndogo ajabu zinazojenga mwili wa kila mmoja wetu.

Seli haiishi peke yake. Zinaitana na kuitikiana mchana na usiku. Ukikutana na fisi njiani gizani, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini katika damu, na papo hapo moyo hupiga mbio. Ukila ugali, kongosho hutoa insulini kuzijulisha seli za misuli kwamba sukari imefika, ziipokee. Wahenga walisema mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Basi hizo ndizo mbiu za mwili.

Sasa angalia jinsi mbiu inavyosikika. Adrenalini haiingii ndani ya seli. Hufika mlangoni, ikagusa kipokezi kilicho kwenye ngozi ya seli. Nyuma ya mlango yupo bawabu, aitwaye protini G. Bawabu huamka na kumtuma mjumbe wa pili, naye hukimbia huku na huko ndani ya seli akitoa amri: fungua hiki, funga kile. Baada ya kitambo bawabu hujizima mwenyewe, amri ikakoma. Kwa kuigundua protini hiyo, Wamarekani Alfred Gilman na Martin Rodbell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1994.

Shika neno hilo la kukoma. Afya si mbiu kusikika tu. Ni pia mbiu kunyamaza kwa wakati wake. Katika kisukari cha ukubwani, mbiu ya insulini inapigwa lakini seli haziisikii sawasawa. Katika saratani nyingi, amri ya seli kugawanyika haikomi. Na katika kipindupindu, anayenyimwa usingizi ni yule bawabu.

Mwaka 1959 Dakta Sambhu Nath De wa Calcutta, India, alionyesha kwamba kimelea cha kipindupindu hudhuru kwa sumu yake. Kimelea chenyewe hubaki nje, juu ya utumbo mwembamba. Sumu ndiyo inayoingia ndani ya seli na kumbandika bawabu kitu kidogo kinachomzuia asijizime. Mjumbe wa pili anatumwa, anatumwa tena, bila kikomo. Seli inafungua milango ya kutoa chumvi, na mlango wa kawaida wa kuipokea unafungwa. Chumvi ikimwagika utumboni, maji huifuata. Kila mpishi analijua jambo hili: nyunyizia kachumbari chumvi, ngoja kidogo, utakuta bakuli lina maji. Mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza hata lita moja kwa saa, na kufa siku hiyohiyo.

Lakini upo mlango mmoja ambao sumu haiufungi. Mwaka 1960 mtaalamu Robert Crane alieleza kwamba utumbo una mlango unaopokea sukari na chumvi zikiwa pamoja. Chumvi peke yake haipiti hapo, wala sukari peke yake. Zikifika zote mbili huingia, na maji hufuata nyuma yao.

Hapo ndipo penye jibu la mama wa vitunguu. Maji ya chumvi na sukari hayamlazi bawabu. Kuharisha kutaendelea mpaka seli zilizotiwa sumu zitoke na mpya zichukue nafasi yake, kazi ya siku chache. Maji hayo yanarudisha kwa mlango mmoja kile kinachotoka kwa mwingine. Yanamweka mgonjwa hai mpaka mwili ujitengeneze.

Wala haya si ya vitabuni tu. Mwaka 1971, katika vita vya Bangladesh, dripu zilimwishia Dakta Dilip Mahalanabis katika kambi ya wakimbizi ya Bangaon, India. Akaamuru wagonjwa wanyweshwe maji ya chumvi na sukari. Vifo vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100 vikashuka chini ya 4.

Nasi si wageni wa ugonjwa huu. Mlipuko ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulienea mikoa mingi na kuwaugua watu zaidi ya 20,000. Tena sisi wa Manyara tuliona Desemba 2023 jinsi matope ya Mlima Hanang yalivyoifunika Katesh kwa muda mfupi. Mafuriko yakipita, maji ya kunywa huwa ndiyo hofu inayofuata.

Basi weka pakiti nyumbani, na uikoroge katika kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake. Kama huna, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha, si vya kujaza kilima. Onja: yasizidi machozi kwa chumvi. Mnyweshe mgonjwa tangu choo cha kwanza, kidogo kidogo, na akitapika ngoja dakika 10, uanze tena. Mtoto anyonyaye aendelee kunyonya. Ukiona macho yamedidimia, mwili umelegea, au hawezi kunywa, usingoje kuche: anahitaji dripu. Na kipindupindu kikishukiwa, mpeleke kituoni mara moja, huku mkimnywesha njiani.

Mama yangu wa vitunguu, usiipime dawa hii kwa choo. Ipime kwa macho ya mtoto yanayong'aa, kwa machozi yanayorudi anapolia, na kwa mkojo unaopatikana tena. Hizo ndizo habari njema kutoka ndani ya seli zake.

Tukutane juma lijalo. Kwaherini.