Tusifunze jino tukausahau ufizi

Kwa miaka mingi nilichora gego ubaoni kwa namna moja: kichwa juu, mizizi miwili chini, na mishale ya kuonyesha sehemu zake. Siku moja mwanafunzi wa darasa la sita aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, hilo jino limeshikiliwa na nini?" Wenzake wakaangua kicheko. Nami nilipougeukia mchoro wangu, niliona kweli jino lilikuwa likielea hewani.

Swali lile lilistahili jibu kamili. Sehemu ya jino tunayoiona kinywani imefunikwa na enameli, kitu kigumu kuliko vyote mwilini, ambacho takriban asilimia 96 ya uzani wake ni madini. Chini yake mna dentini, na ndani zaidi mna moyo wa jino wenye mishipa ya damu na ya fahamu. Hayo aghalabu tunayafunza vyema. Tusilolisema ni kwamba mzizi haukukazwa katika taya kama msumari katika ubao. Umevikwa tabaka jembamba la simenti, na kutoka humo nyuzi nyingi mno huvuka hadi kwenye mfupa, zikalining'iniza jino katika tundu lake. Nafasi ya nyuzi hizo ni kama robo ya milimita tu. Ndizo zinazopokea kishindo tunapotafuna mahindi ya kuchoma, na ndizo zinazotuarifu papo hapo kwamba tumeuma punje ya mchanga. Juu ya hayo yote umejifunga ufizi, mfano wa ukosi shingoni, ukiacha kijifereji ambacho kwa mtu mwenye afya hakizidi milimita 3.

Katika kijifereji hicho ndimo ukoga unamojificha. Usipoondolewa, ufizi huvimba, huwa mwekundu na kutoka damu unapoguswa na mswaki. Basi mtoto akiiona damu huacha kusugua upande huo, na mzazi humuunga mkono. Ilhali damu hiyo aghalabu huonyesha kuwa pale ndipo pahitajipo kusafishwa, kwa upole lakini kila siku. Katika hatua hii ufizi hupona kabisa. Uvimbe ukiachwa ukashuka, nyuzi huharibika na mfupa huliwa polepole, mara nyingi bila maumivu, na mfupa huo haurudi wenyewe.

Mamangu alipoteza magego manne kwa njia hiyo. Hayakuwa na tundu hata moja. Yalilegea, yakang'olewa, nasi nyumbani tukasema ni uzee. Meno ya bandia aliyotengenezewa yalimkera hata akayaweka kikombeni kabatini. Waliosema jino la pembe si dawa ya pengo walijua walilolisema.

Walimu wenzangu huniambia kipindi ni kifupi na mtihani hauulizi habari za ufizi. Huenda ni kweli. Hata hivyo, siku hizi huanza kwa kuchora taya, kisha nyuzi, kisha ufizi. Jino lenyewe hulichora mwisho, kengele ikikaribia kulia.